Daftari la Maabara

Kompyuta kumi na nne, sisi wanafunzi sitini,
na ufunguo ulining'inia kiunoni mwa Bwana Thanulingam
aliyetuvulisha viatu mlangoni,
vumbi lisije likaziua mashine.
Nje, katika jua la Nagercoil,
kandambili zetu zilijipanga vizuri kuliko sisi.

Somo: Misingi ya Programu, muhula wa pili.
Lakini kabla ya kibodi, daftari.
Jalada la kaki. Kulia msimbo, kwa wino wa buluu,
kushoto matokeo, kwa penseli,
pambizo imepigwa kwa rula.
Tuliyaandika matokeo programu ikiwa haijazaliwa.
Tuliyanakili kwa waliotutangulia,
nao kwa waliowatangulia,
na kila ukurasa Bwana Thanulingam aliutia saini nyekundu,
miwani yake ikiwa mfukoni.

Esakkiammal hakuwa na kompyuta kwao.
Nami sikuwa nayo, ila haikuninyima usingizi.
Yeye alikuja na mbegu za kwaju kutoka jikoni kwa mama yake,
akachora visanduku vya chaki kwenye sakafu ya bweni,
akawa mashine.
Kigeugeu kikiongezeka, mbegu moja.
Kitanzi kikizunguka, kidole kinarudi juu.
Usiku nilimsikia akinong'ona kwa Kitamili:
"Moja. Je, ni chini ya kumi? Ni chini. Andika. Ongeza."
Nikavuta shuka hadi kichwani.

Zoezi la saba: chapisha namba, moja hadi kumi.
Daftari langu lilisema kumi.
Madaftari yote yalisema kumi, tangu chuo kifunguliwe.
Lake lilisema tisa.

"Umenakili vibaya," akasema Bwana Thanulingam,
na tisa ikapata duara jekundu.
"Sikunakili, bwana."
Darasa likacheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti.
"Kumi haiingii, bwana.
Sharti linataka kilicho chini ya kumi,
na kumi si chini ya kumi.
Imevua viatu, imefika mlangoni, imezuiwa."
Akakatwa alama mbili.
Akarudi kukaa. Ile tisa hakuifuta.

Siku ya mtihani mtahini alitoka Madurai:
Bi Vadivukkarasi, mfupi, sari ya pamba,
chupa ya maji ya bati mkononi kama rungu.
Tukaokota vikaratasi kutoka kwenye bakuli.
Mimi nikaokota la saba.
Nikaliandika kama nilivyoliandika siku zote,
kila nuktamkato mahali pake,
nikabonyeza.
Moja. Mbili. Tatu. Nikatabasamu. Saba. Nane.
Tisa.
Kisha kile kimstari, kinapepesa, kinapepesa,
kama mtu anayekungoja umalize sentensi.

Bi Vadivukkarasi akatazama skrini,
akatazama daftari langu, akatazama saini.
"Kumi iko wapi?"
Nikageuza shingo. Esakkiammal alikuwa kompyuta ya tatu,
anaandika lake, hamwangalii mtu.

Ningependa kusema nilimtaja.
Nilisema, "Mashine hizi ni kuukuu, bibi,"
naye akavuta pumzi, akaandika kitu kidogo.
Nilipata sitini na moja. Nilifaulu.

Siku hizi niko Koimbatore, ghorofa ya tano,
nalipwa kutafuta makosa ya watu wengine.
Nimeliandika jina lake usiku mwingi mahali pa kutafutia;
wanakuja akina Esakkiammal mia, wenye maduka, wenye harusi,
hakuna mwenye chaki vidoleni.
Kwenye droo nina mbegu za kwaju
ambazo wenzangu hudhani ni za kutafuna.
Programu ikinikaidi nazimwaga mezani,
nashusha kidole mstari kwa mstari,
na midomo yangu hucheza yenyewe:
moja, je, ni chini ya kumi?