Duara la Kikombe

Februari, theluji imefika kitasa cha mlango,
na baba ametandaza ramani juu ya meza ya jikoni,
akaigandamiza pembe zake nne kwa alichokipata:
chupa ya siki, kisu, Biblia ya bibi,
na tembe zake za goti.

Septemba ndipo elki wanapolia,
madume makubwa kama pofu, pembe kama mti uliopukutika,
lakini uwindaji, asema Orrin Haugland, baba yangu,
huanza sasa, kwa penseli na kwa ubishi.

Hapa pa kijani ni msitu wa serikali.
Hapa pa manjano ni pa umma vilevile:
pako, pangu, pa yule muuza matairi wa mjini.
Na hapa peupe pana mwenyewe,
ambaye hatujapata kumwona, ila uzio wake twaujua.
Miraba imepangwa kama bao la drafti,
nyeupe, manjano, nyeupe, manjano,
na ile yetu hugusana kwa ncha tu,
kijinafasi kisichopitisha hata unyayo wa paka.
Mali ya wote, njia ya mmoja.
Nacheka. Yeye hacheki.
Aliwahi kurudishwa pale na mtu mwenye lori jeupe,
akatembea maili sita kuuzunguka uzio
apate kufika mahali alipokuwa akipaona.

Tunahesabu pointi.
Miaka kumi na mmoja ya kuomba kibali,
barua kumi na moja zenye neno samahani,
na kila samahani huzaa pointi moja.
Sisi ni matajiri wa samahani.
Mwaka huu jina litatoka.

Basi, chombo.
Kila mwaka hukipindua chombo juu ya ramani,
pale gari litakapoachwa,
akakizungushia penseli.
Ndani ya duara tunawinda. Nje tunaaga kwa macho,
kwa kuwa elki mmoja ni mizigo mitano,
mgongo hubeba mmoja,
na nyama haimngoji mtu juani.
Usipige usichoweza kubeba:
ndiyo sala pekee niliyomsikia akiisali kwa sauti.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne alitumia sahani.
Mwaka aliokufa mama, bakuli.
Leo ni kikombe cha kahawa,
tena si kile kikubwa.

Bonde la vijito viwili limebaki nje,
vidole viwili tu kutoka kwenye mstari.
Nalitazama. Naye analitazama.
Jokofu linanguruma peke yake.

Ningeweza kusema, nitakwenda mwenyewe.
Ningeweza kusema, daktari alikuambia nini hasa?
Nasema: Baba, nani aliamuru kikombe kikae barabarani?
Nakiinua, kitako bado kimelowa,
nakiweka juu, kwenye chemchemi,
na kahawa inajichorea duara lake yenyewe,
ya rangi ya udongo,
kuzunguka maji, na uwanda wa nyasi,
na ule ubavu wa mlima wenye kivuli
wanakolala elki mchana.

Na goti langu litafikaje huko?
Kwa Delphine Ostrander. Anakodisha lama.
Lama.
Dola themanini kwa siku. Hubeba kilo thelathini,
na hawapigi kelele.

Mtu huyu, miaka sitini na minane,
ameingia mlima ule akibeba hata chumvi yake mwenyewe.
Anatazama dirishani muda mrefu,
ingawa dirishani hamna kitu, ni ukungu wa birika.
Kisha anavuta orodha:
chumvi, kamba, mifuko ya nyama, betri,
na chini yake, kwa herufi kubwa za mtu anayetia saini deni,
LAMA WAWILI.

Wanatema mate? auliza, bila kuinua uso.
Kwa wasiomheshimu tu, asema Delphine.
Baba ananguruma kidogo,
anachonga penseli,
vumbi lake analipulizia upande wa peupe.