Mabano

Usiku wa saba Kathmandu, umeme umekatika tena.
Mimi ni karani; kazi yangu ni mabano.
Neno wasiloafikiana nalitenga humo
kama kuku mwenye kideri.

Bwana Humagain wa milimani hataki "shirikisho".
Bi Phulmati wa tambarare hataki chochote kisicho nalo.
Komredi Manlal, aliyetoka msituni na goti bovu,
anataka mipaka ichorwe upya,
kisha anaomba chai.

Saa nane. Mshumaa mmoja, vichwa vitatu juu ya ramani.
Humagain anasogeza kidole ng'ambo ya mto,
Phulmati anakirudisha nusu.
Manlal anacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu.
"Toa," wananiambia. Natoa.
Neno linatoka limekonda,
maana limeiacha nusu ndani,
lakini linatembea.

Kaka yangu aliuawa kwenye daraja la mto huohuo.
Hakuna aliyeniuliza alikuwa upande gani.

Alfajiri nachapa nakala safi, kurasa mia mbili na kumi.
Mabano yamebaki mahali pamoja tu,
mstari wa kwanza kabisa:
(Sisi) wananchi.

Wote watatu wamelala vitini, midomo wazi.
Sijui nimwamshe nani.