Funga Bomba Kwanza

Maalim Haroub huugawa ukurasa kwa rula:
kushoto picha, kulia maneno.
"Jicho likishaiona ndoo," asema,
"ulimi usiniambie kuwa hii ni ndoo."
Vivumishi vyangu anavichambua kama mchicha:
hiki kikavu, hiki kina mdudu, hiki tupa.
Nimetoka Konde na sentensi ndefu za bibi yangu,
zinazoanza na salamu na kuulizia hali za mbuzi;
hapa Tunguu nafundishwa kufika kwa maneno kumi na mawili.

Wiki ya sita tukapewa kazi. Dakika moja na nusu,
kamera moja kwa watu watatu,
tripodi ya mguu uliofungwa mpira wa baiskeli.
Faki akachukua kamera, Raiye akashika waya,
mie nikapewa maikrofoni na uso.
Tukenda Bumbwisudi, kwenye bomba la Bi Mize,
siku ya tisa bila ya tone.

Niliiandika njiani, na niliipenda:
Siku tisa. Mabomba kumi na moja. Tone, hakuna.
Bi Mize alisema vizuri kuliko mie.
Alisema ndoo zake zimesahau uzito.
Alisema anatawadha kwa kikombe,
na kikombe hicho hicho, baadaye, ni cha chai.
Faki akainua kidole gumba nyuma ya lenzi.
Tukanyamaza nusu dakika kurikodi sauti ya mahali,
kuku, redio ya jirani, mtoto akikohoa,
maana kimya, Maalim anasema, kila pahala kina lafudhi yake.

Kisha nikasimama mbele ya bomba, nikaweka sawa mtandio.
"Tatu, mbili," Faki akahesabu.
"Hapa Bumbwisudi," nikasema, "hadi muda huu..."

Bomba likakoroma.
Likatema upepo. Likatema kutu.
Likatema maji.

Sijui kama nitaweza kulisema hili mbele ya bibi yangu:
niliudhika.
Nyuma yangu vigelegele, madumu yanagongana,
mtoto keshavua shati,
na mie nahesabu: habari yangu imekufa,
na saa kumi chumba cha uhariri kinafungwa.
Raiye akanong'ona, "Funga bomba kwanza.
Sekunde kumi tu. Tumalizie, kisha tulifungue."
Na mkono wangu, huu huu ninaolia wali,
ulikuwa umeshafika kwenye koki.

Bi Mize aliuona. Hakukasirika.
"Kama ndiyo mtihani wenyewe, funga, mwanangu.
Tumengoja siku tisa, sekunde kumi si kitu."

Angenigombeza, pengine ningefunga.

Mbele ya kompyuta bomba hufungika kirahisi zaidi:
unakata kabla halijakoroma, basi,
hapana koki, hapana Bi Mize wa kukutazama.
Nilikata. Nikatazama. Ilikuwa nzuri, kavu, safi,
imetimia dakika moja na nusu barabara.
Nikarudisha mkoromo.
Nikaitupa sentensi yangu niliyoipenda,
nikaandika nyengine, mbovu kidogo, ya kweli,
na saa kumi kasoro dakika mbili
Faki akaichomoa flashi ingali na moto.

Sitini na moja kwa mia.
"Umezidisha sekunde nne," ameandika Maalim kwa wino mwekundu,
"na ndoo imepita mbele ya uso wako."
Pale penye mkoromo amechora duara dogo,
hakuandika kitu.
Hadi leo sijui kama ni kosa au ni nini.

Usiku nikampigia bibi Konde, nikamweleza yote,
kwa urefu wake, na mbuzi nikawaulizia.
Akacheka kwa lile bomba. Akanyamaza.
"Na hayo maji," akauliza, "yalidumu mpaka saa ngapi?"

Sikuuliza.