Krosi

Tulikuwa tumeipita Bahi kidogo, saa tisa,
jua limekaa juu ya paa kama mgeni asiyeaga,
kitu kikalia chini ya sakafu,
ko, ko, ko-ko,
na kabla sijaondoa mguu kwenye mafuta
chuma kikaanguka lami, kikajikokota
kwa kelele ya sufuria zote za mama mkwe.

Injini haikuzima.
Nilikanyaga, ikanguruma. Gia ya pili, ikanguruma.
Nyumba yetu ya magurudumu manne,
kitanda, jiko, tangi la lita sitini,
mapazia niliyoyashona mwenyewe Wundanyi,
imesimama palepale inanguruma
kama mtu anayeapa kuwa hahami.

Mwadime hakusema neno.
Tangu kiharusi cha Januari maneno yake yanakuja kwa mgao, kama umeme.
Akajipinda, akaupitisha mkono wa kushoto,
ule unaotii,
akazima ufunguo.

"Natafuta makanika," nilimwambia kijana wa bodaboda.
Akanitazama, akatazama namba za gari.
"Unamtaka fundi, mama?"
Ndiyo. Fundi.
Tulivuka Holili na lugha ileile mfukoni,
kumbe sarafu zake huku zina sura nyingine.

Ndahani alikuja na gunia la spana na kipande cha boksi,
akalitandika boksi, akaingia chini, ikabaki miguu,
kandambili moja ya bluu, moja ya kijani,
na sauti:
"Injini nzima. Giaboksi nzima. Difu nzima.
Iliyokufa ni krosi ya propela shafti.
Nguvu zipo, mama. Magurudumu yapo.
Habari tu ndiyo haifiki."

Daktari wa Voi alichukua dakika arobaini
na picha za mashine kubwa
kunieleza jambo hilohilo.

Nikatazama majaruba ya mpunga yaliyokauka yakapasuka,
nisionwe uso.
Aliyecheka ni yeye,
cheko la upande mmoja wa mdomo.
Akajipiga paja la kulia, lile zito:
"Kro-si," akasema. "Kro-si."

Krosi kuukuu ikafungwa kwenye gazeti,
ikapanda bodaboda kwenda Dodoma kumtafuta pacha wake.
Usiku ikarudi na pacha wa uongo, amezidi milimita mbili.
Alfajiri ikaondoka tena.
Elfu themanini na tano, mbali na mafuta ya pikipiki:
nikagawanya kwa ishirini, nikakosea,
nikagawanya upya, nikalipa.
Kibali cha gari kinaisha Alhamisi,
na Kigoma iko kule Mwadime alikoizungushia wino mwekundu
kwenye ramani ya sebuleni, kabla.

Sechela, dada yake fundi, alituletea ugali wa uwele na mlenda.
"Mbukwenyi," alisema, nasi hatukujua jibu.
Aliuona mkono wa kushoto ukielekea bakulini.
Hakukunja uso.
Alilisogeza bakuli upande huo, akaendelea kulalamikia upepo.

Pacha wa kweli alifika saa nne.
Ndahani akachora mistari miwili ya chaki,
mmoja kwenye shafti, mmoja kwenye flenji.
"Huu utazamane na huu. Ukifunga kinyume
gari litatetemeka mpaka Kigoma."
Mwadime alimpa nati moja moja
kutoka kwenye kifuniko cha thamosi.
Ya nne ikaponyoka, ikabingirika nyuma ya tairi.
Niliinuka. Fundi akanitazama, nikakaa.
Aliinama mwenyewe, akaitafuta mwenyewe.
Treni ya mizigo ilipita yote, mabehewa yote,
kabla hajanyanyuka nayo.

Gia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Kwenye mwinuko wa kuelekea Manyoni
aliubeba mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto
akauweka juu ya wangu, kwenye gia.

Kuna mtetemo mdogo uliobaki.
Sijui kama ni wa shafti.
Sikusimama kuangalia.