Mgema wa Misonobari

Argiro Lambraki alikuwa mgema,
si wa minazi: wa misonobari,
kaskazini mwa Evia, kisiwa cha Ugiriki
ambako ukoo wa mtu husomwa kwenye makovu ya gome.
Kila mti na mfuko wake, kila mfuko na tone lake,
na viganja vyake havikutoka ulimbo
hata ukivisugua kwa mafuta ya taa.

Agosti ile moto ulishuka siku saba.
Usiniulize ulivyonguruma.
Aliutazama akiwa kwenye feri,
mbwa mapajani, funguo za nyumba mkononi,
akihesabu kwa midomo isiyotoa sauti
miti elfu mbili mia nne.

Akarudi. Nyumba ipo.
Mlima umebaki mbavu tupu.
Majirani wakasema tupande mizeituni,
wengine wakasema tuuze.
Stathis, mwanawe, akapiga simu kutoka Athene:
"Mama, kumekwisha."
"Ngoja," akasema, akakata.

Alikuwa amesikia kitu.
Juu, kwenye matawi yaliyokuwa makaa,
koni zilizofumba miaka kumi,
zilizogandishwa na ulimbo uleule aliougema,
zilikuwa zinapasuka. Ta.
Ta-ta. Kama mtu anayealisha vidole kabla ya kazi.
Na mbegu, yenye bawa moja
jembamba kama ganda la kitunguu,
ikashuka ikizunguka, ikatua
juu ya jivu lenye uvuguvugu bado.

Akaketi palepale, suruali ikachafuka.
"Miaka arobaini nauza kufuli," akamwambia mbwa,
"sikumjua mwenye ufunguo."

Mvua ya Oktoba ilinyesha usiku.
Kufikia Desemba, chini ya gogo moja jeusi,
miche thelathini na mmoja,
mingine ingali na ganda la mbegu kichwani,
kofia iliyokataa kuvuka.

Danai, binti wa idara ya misitu, alikuja na daftari.
Msipande chochote, akasema. Msiburute magogo.
Mbuzi wasipite hapa.
Kisha akashusha sauti, kama atajaye deni:
hawa bado hawana koni.
Moto wa kwanza ulikuwa mkunga.
Ukirudi kabla ya miaka kumi na mitano
utakuta ghala tupu, na hapo
hakuna atakayezaliwa.

Argiro ana miaka sitini na mmoja.
Mti haugemwi kabla ya miaka thelathini.
Hesabu hiyo aliifanya mara moja tu,
kisha akakipigilia kishoka ukutani.

Wasemao mgema akisifiwa tembo hulitia maji
hawakumjua huyu. Hakuna wa kumsifu,
na maji huyabeba mwenyewe:
lita ishirini, pampu ya mgongoni,
kila alasiri ya kiangazi kileleni
akinusa upepo, akiwatukana mbuzi wa Karagiorgos
hadi kizazi cha tatu.

Simu inalia. "Uko wapi, mama?"
"Kazini."
"Kazi gani, na miti hakuna?"

Anatazama chini, anahamisha buti taratibu.
"Ipo," anasema. "Inanifika kifundoni."