Umeme Ukirudi

Mashine ya mtumba, imetoka Uyole ndani ya gunia la viazi.
Nimeiweka juu ya meza ya mizani,
chumba cha hesabu, chama cha wakulima wa chai, Tukuyu.
Nje, mvua isiyojua kuaga.

Sekunde tatu tu inakupa.
Ukichelewa kubonyeza inapita zake,
nawe huwezi kuiita nyuma kama mtoto aliyesahau chenji.
Mara ya kwanza nilikuwa napuliza chai.
Mara ya pili kidole kilikufa ganzi kwa baridi.
Mara ya tatu nikabonyeza kama mtu agongaye zahanati usiku,
gonga, gonga, gonga,
ikafungua.

Kioo cha buluu, maandishi meupe.
Humu kipanya hakina kazi: unatembea kwa mishale,
tuta kwa tuta.
Kumbukumbu: vipande vinne, vinahesabiwa vitatu.
Nikakichomoa kilichogoma, nikakisugua meno
kwa kifutio cha Tumpale, karani,
nikakisukuma mpaka kikalia ta.
Vinne.
Diski mbili nikazifungisha ndoa:
mmoja akifa, mwenzie asimulie.

Kisha saa.
Tarehe mosi Januari, elfu mbili na kumi na mbili.
Betri yake, ndogo kama kifungo cha shati, ilikufa zamani;
nimeweka mpya, ya fundi saa wa sokoni,
lakini miaka haijazi yenyewe.
Nikaanza kujumlisha.
Kumi na tatu. Kumi na nne, mwaka tulioezeka bati.
Kumi na tisa: Lusajo kaka yangu yu hai,
anasimama hapahapa kwenye mizani,
anaandika kilo za watu kwa kalamu ya kuazima.
Ishirini.
Kidole kikagoma.
Tumpale akauliza, "Imeganda?"
Nikasema, "Hapana, ni mimi."
Ishirini na moja nikaivuka mbiombio,
na hiyo iliyofuata, na nyingine,
hadi leo, saa mbili na dakika kumi usiku.

Ukurasa wa mwisho una swali:
umeme ukikatika, kisha ukarudi, nifanye nini?
Nibaki nimezimika.
Niwake.
Nirudie hali niliyokuwa nayo.

Kwetu Aprili umeme hukatika mara tano kabla uji haujaiva.
Nikamkumbuka Sekela, mjane wa Lusajo:
wiki mbili jiko lake halikutoa moshi,
tukipeleka chakula, tukikirudisha kimepoa.
Asubuhi moja tukasikia mchi.
Hakuna aliyekwenda kumwamsha.

Hali ya mwisho siiamini.
Kama ilikuwa giza, itarudia giza.
Nikachagua: niwake.

Hifadhi, utoke? Ndiyo.
Una hakika? Jamani, ndiyo.

Hata hatujafunika mizani, taa zikazimika,
Tukuyu nzima, mpaka huko juu misheni.
Tumpale akacheka gizani. "Haya, fundi."
Tukakaa, yeye kwenye gunia, mimi sakafuni.
Mabati yalisema yote tuliyonyamazia.

Sijui ilikuwa muda gani.
Balbu ilikuwa bado inasitasita
niliposikia feni.