Kiunzi cha Siku Tisa

Ofisi yetu Ibra ni vyumba viwili juu ya duka la matairi.
Jumapili ijayo wenye falaji wanakuja kutazama
kitu ambacho bado hakipo:
ramani itakayosema, saa hii, katika mifereji yote hii ya mawe,
maji yako bustani ya nani.

Siku tisa. Viunzi vitatu.
Prasanth, Mundhir, mimi, na birika la chai ya karaki.

Kiunzi cha kwanza kilikuja na kila kitu,
kama bibi harusi aliyeletwa na kabati, kitanda
na shangazi zake wanne.
Milango ya kuingilia, daftari la watumiaji, ruhusa ya kuomba ruhusa.
Mimi nilitaka kuchora nukta moja.
Kikaniuliza nukta hiyo ni ya nani, inalala wapi,
na kama ina watoto.
Mundhir alikipenda. Mundhir hupenda vitu vyenye shangazi.

Cha pili chepesi kama ukuti.
Nimekishika asubuhi, kabla ya adhuhuri nukta inawaka.
Nikakiomba kinipimie kutoka tangi hadi mtende wa mwisho;
kikanikodolea macho:
hilo silo langu, dada, nenda katafute.

Cha tatu sitakisengenya.
Kilijua dunia imebonyea wapi na kwa kiasi gani.
Ila maelezo yake yaliandikwa na mtu
asiyependa kuulizwa.

Siku ya nne nikaipoteza Ibra.

Kumbe kiunzi kimoja huanza na latitudo, kingine na longitudo.
Ishirini na mbili nukta saba, hamsini na nane nukta tano:
nimezigeuza tu,
na mji mzima, na soko la wanawake la Jumatano, na mitende,
ukahamia Baltiki, kando ya kisiwa cha baridi.
Prasanth alicheka hadi akamwaga chai.
Mimi nilimkumbuka bibi Ziwena,
aliyeshuka hapa kutoka Unguja na sanduku moja,
mwaka mzima akisalimia watu kwa lugha isiyo ya mtaa.
Naye namba zake ziligeuzwa,
na hakuna aliyekuja kurekebisha.

Siku ya sita nikamfuata Muhanna, mgawa maji,
kijana wa makubazi ya plastiki na simu yenye ufa.
Sikumweleza habari za viunzi. Nilimwambia: fungua hii.
Bondeni mtandao ni mistari miwili, ukipiga chafya mmoja.
Kile cha shangazi tulikingoja
mpaka maji yakahama bustani.
"Athari nzima imepita," akasema.
Kwao athari ni fungu la mtu, nusu saa ya maji.
Kwetu ni kile kinachobaki jambo likishapita.
Niliandika maana zote mbili kiganjani, kwa kalamu,
jasho likazifuta kabla sijafika garini.

Tukachagua ukuti.
Si kwamba ni bora. Tukikosea, kuutupa hakuumi.
Vipimo Prasanth ataviazima kwa yule asiyependa kuulizwa.

Mundhir akatikisa kichwa:
"Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe."
Anajua asemalo. Kuna manispaa hadi leo
inaendesha kielelezo chake cha miaka sita,
na faili bado linaitwa *jaribio la pili, usiguse*.

Basi juu kabisa ya msimbo nikaandika:
Hiki ni kielelezo. Usijenge juu yake.

Jumapili wakaja kumi na mmoja.
Muhanna akafungua simu, ufa ukakata falaji katikati.
Akaona nukta ya bi Ghaniya imekaa mita tatu ng'ambo ya ukuta,
kwa jirani,
na jirani huyo wanapelekana mahakamani.
Tukacheka, wao hawakucheka.

Kisha mzee mmoja, miwani puani, akauliza:
"Tunaanza kuitumia lini? Leo?"

Nikamtazama Mundhir.
Hakusema kitu.
Chini ya meza, mikono yake miwili
ilikuwa inalima.